Askari Wazee wa West Nile: Kati ya Cheti cha Msamaha na Jela

Kiswahili changu cha kwanza sikukipata darasani. Nilikipata Onduparaka, kwa mzee mmoja jirani yetu aliyekuwa askari wakati wa Idi Amin. Sisi watoto tulisema Kilugbara nyumbani na Kiingereza shuleni, yeye alitupa "simama," "geuka nyuma," "tembea" na "kimya." Tukipita mbele ya nyumba yake asubuhi alitupanga mstari, akatukagua kucha, kisha akaturuhusu kwenda. Tulimpenda. Jioni, akishakunywa waragi, hatukumpenda, kwa sababu maneno yale yale yalitoka kwa sauti nyingine, na aliyeyapokea alikuwa mkewe.

Nilipokuwa sekondari aliwapiga vijana wawili kilabuni na kuvunja meza na chupa za mwenye kilabu. Alipelekwa mahakamani, akakiri kosa, akafungwa miezi minane. Waliohudhuria walirudi na habari hii: hakimu alimwuliza kama ana neno la kusema kabla ya hukumu, naye akatoa mfukoni karatasi iliyohifadhiwa ndani ya nailoni. Ilikuwa cheti chake kutoka Tume ya Msamaha ya Uganda. Hakimu aliisoma, akamrudishia, akamwambia kwamba karatasi ile ilikuwa ya kosa jingine.

Kwa sheria hakimu alisema kweli. Cheti kile kilisamehe uasi, hakikusamehe meza za watu. Lakini tangu siku hiyo nimejiuliza kwa nini mzee alidhani mambo hayo mawili ni kitu kimoja, na kama alikosea kabisa. Katika insha hii nafuata namna serikali zilivyowashughulikia askari wa zamani wa West Nile tangu 1979, kisha naiweka historia hiyo kando ya jambo lililoanza Marekani miaka ya karibuni: mahakama za tiba kwa maveterani, ambamo askari wa zamani aliyevunja sheria hupelekwa kwenye matibabu chini ya macho ya hakimu badala ya kupelekwa jela. Hoja yangu ni kwamba Uganda imewahi kuwafunga watu hawa na imewahi kuwasamehe, na katika njia zote mbili ilikutana nao siku moja tu, kisha ikageuza uso.

Wenzangu kutoka kusini huniuliza: kwa nini kwenu kila ukoo una askari? Jibu linaanzia kwenye ukoloni. Eneo letu lilikuwa sehemu ya Lado, iliyoshikwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909. Likapita mikononi mwa Sudan, na mwaka 1914 likaunganishwa na Uganda. Liliingia likiwa mbali na reli na mbali na mashamba ya kahawa na pamba yaliyowatajirisha wengine. Kijana wa Arua aliyetafuta fedha za kodi au za mahari alikuwa na njia mbili kubwa: kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, au kuandikishwa Keya, yaani King's African Rifles. Idi Amin mwenyewe alijiunga na Keya mwaka 1946. Lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili, na ndiyo maana hadi leo utakisikia zaidi Arua na Koboko kuliko Buganda. Ndiyo maana pia huko Buganda watu wengi walikichukia, kwani walikisikia kwanza kwa mtu mwenye bunduki. Sisi tunaosoma Kiswahili nchini Uganda tumerithi lawama hiyo bila kuivaa sare.

Tarehe 25 Januari 1971 Amin alichukua serikali. Baada ya hapo askari wa Kiacholi na wa Kilango waliuawa kwa wingi ndani ya kambi zao, na nafasi zao zikajazwa na vijana wa West Nile, Wanubi, na watu kutoka kusini mwa Sudan. Sitaki kulipita jambo hili haraka, maana kwetu tuna desturi ya kuanza kusimulia historia mwaka 1979, pale tulipoanza kuumizwa sisi. Miongoni mwa wazee ninaowaandikia habari zao wamo walioua watu wasio na hatia. Wamo pia wapishi, madereva, wapiga tarumbeta na mafundi wa magari. Kwa familia nyingi jeshi lilikuwa mshahara, kama vile miwa ya Kakira ilivyokuwa mshahara. Serikali zilizofuata hazikuwa na subira ya kumtenga mpiga tarumbeta na mwuaji, na hapo ndipo shida inapoanza.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Tanzania ilijibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Mwanzoni mwa Juni Watanzania na Waganda waliopigana pamoja nao walikuwa wamefika mpaka wa Sudan, na jeshi la zamani halikuwapo tena. Mtu aliyekuwa na sare wiki iliyopita alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kujisalimisha au kuvuka mpaka. Maelfu walijisalimisha. Waliwekwa magerezani, Luzira ikiwa mojawapo, na wengi walikaa humo bila kushtakiwa kwa kosa lolote linalotajika. Hawakufungwa kwa walichotenda, walifungwa kwa walichokuwa. Wengine walivuka kwenda Zaire na Sudan, na habari za wenzao walioko ndani ziliwafundisha wasirudi mikono mitupu.

Walirudi Oktoba 1980, wakiwa na silaha, wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali, UNLA, ambalo ndani yake wengi walikuwa na ndugu waliouawa 1971, lililipiza kisasi kwa raia. Watu wa mikoa yetu walikimbia kwa makumi ya maelfu. Wazee wa kwetu husimulia kwamba palipokuwa na Watanzania mtu aliweza kulala, na kwamba walipoondoka kila mmoja alijua kitakachofuata. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa UNLA waliingia katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, ambako maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia, wakaua makumi yao. Waliouawa walizikwa hapo hapo, na kila mwaka watu hukusanyika kuwaombea. Aliyekuwa mtoto Ombaci siku ile, miaka kumi na mitano baadaye alikuwa na umri wa kubeba bunduki, na baadhi yao walibeba.

Jibu la kwanza la serikali kwa askari wa zamani, basi, lilikuwa jela bila hukumu kwa waliokamatwa, na adhabu ya eneo zima kwa ajili ya waliokosekana. Matokeo yake yalikuwa makundi mapya ya wapiganaji. UNRF ya Moses Ali ilipigana miaka ya themanini, kisha ikapatana na serikali ya Yoweri Museveni baada ya Januari 1986, na Moses Ali akawa waziri. Mwaka 1987 ikatoka sheria ya kwanza ya msamaha, ambayo iliwaacha nje waliofanya mauaji na ubakaji. Katikati ya miaka ya tisini likazuka West Nile Bank Front la Juma Oris, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Amin, likipigana kutoka Zaire na Sudan. Lilivunjwa mwaka 1997. Lililobaki, na ambalo lilikuwa na nguvu zaidi upande wa Aringa, lilikuwa UNRF II chini ya Ali Bamuze. Hao walitia saini mkataba wa amani na serikali mjini Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Baadhi ya wapiganaji wake waliingizwa katika jeshi la taifa, UPDF, na wengine wakarudi makwao.

Mkataba wa Yumbe uliwezekana kwa sababu ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Nimeisoma sheria hii mara kadhaa na bado naiona kuwa kitu cha ujasiri. Inamhusu Mganda yeyote aliyepigana na serikali tangu tarehe 26 Januari 1986. Anachotakiwa ni kujitokeza kwa jeshi, polisi, chifu, hakimu au kiongozi wa dini aliye karibu, akatae uasi, na asalimishe silaha kama anayo. Aliyekuwa tayari kizuizini naye aliweza kuomba, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akithibitisha kwamba kosa lake linaingia katika msamaha. Tume iliyosimamia kazi hiyo iliongozwa na Jaji Peter Onega, na Arua ilipata ofisi yake. Watu zaidi ya 26,000 wamepewa vyeti nchini kote. Wengi wao walikuwa wa LRA ya Joseph Kony, lakini mafungu makubwa yaliyofuata yalikuwa ya kwetu.

Pamoja na cheti mtu alipewa shilingi 263,000 na vifaa vya kuanzia maisha: godoro, blanketi, sufuria, jembe, panga, mbegu. Alama ya msamaha ilikuwa jembe. Ni kana kwamba waliopanga walimwona mbele yao mkulima aliyepotea njia kidogo. Lakini mzee wetu aliingia jeshini akiwa kijana wa miaka kumi na minane, akavuka mpaka akiwa na ishirini na sita, akarudi na bunduki, akakimbia tena, na alipochukua jembe lile alikuwa amepita hamsini. Hakuwahi kulima. Mkewe ndiye aliyelima.

Yeye, mama huyo, aliniita siku moja nimsomee cheti, kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiingereza na mumewe alikuwa bado gerezani. Nilimsomea neno kwa neno nikimfasiria. Aliniuliza kama kuna mahali pameandikwa siku ambayo mumewe alitakiwa kurudi kwenye ofisi ile. Nikamwambia hapana. "Hata siku moja?" Hata siku moja. Alikuwa amedhani muda wote huo kwamba mzee alikuwa anakwepa kwenda.

Swali lake ndilo lililonipeleka kwenye somo la mahakama za Marekani. Nchi ile ilianza mahakama ya tiba kwa watumiaji wa dawa za kulevya huko Miami mwaka 1989. Alaska ilijaribu jambo kama hilo kwa maveterani mwaka 2004, lakini mfano ulioenea ulianzia Buffalo, jimbo la New York, Januari 2008, kwa Hakimu Robert Russell. Kisa chake husimuliwa sana. Mbele yake alisimama veterani wa vita vya Vietnam aliyekuwa katika mpango wa matibabu ya akili na ambaye hakuwa anapata nafuu: alikuwa ameinamisha kichwa, akijibu kwa kuguna. Hakimu aliwaomba watu wawili waliofanya kazi naye, ambao nao walikuwa maveterani, watoke na mtu huyo wakazungumze naye nje ya ukumbi. Waliporudi alisimama wima, mikono nyuma, kama askari mbele ya mkubwa wake, akamtazama hakimu usoni na kusema kwamba atajitahidi zaidi. Leo mahakama za namna hiyo ziko mamia.

Kazi yake si ngumu kueleza. Mtu aliyeshtakiwa, aliyewahi kuwa jeshini, na ambaye kosa lake lina uhusiano na ulevi, dawa au ugonjwa wa akili, hupimwa na wataalamu. Akikubali, huwekewa mpango wa tiba. Hupewa mlezi ambaye ni veterani mwenzake, si polisi wala daktari. Kisha hurudi mbele ya hakimu yule yule, mwanzoni kila baada ya wiki chache, kwa muda unaoweza kuzidi mwaka mmoja. Hupimwa kama amekunywa au ametumia dawa. Akianguka huadhibiwa kidogo na kuendelea. Akikataa kabisa hurudishwa kwenye hukumu ya kawaida. Akimaliza, mashtaka hufutwa au hupunguzwa. Wanaoiona kama huruma tupu hawajahesabu siku ambazo mtu anasimama mbele ya hakimu. Mzee wetu alisimama mara mbili, siku ya kukiri na siku ya hukumu. Miezi minane ya jela ilikuwa rahisi zaidi kwa mahakama kuliko kwake, na pengine rahisi zaidi kwake kuliko mwaka mzima wa kuulizwa kila wiki amelalaje na amekunywa nini.

Nilipolisimulia jambo hili darasani, mwenzangu mmoja alisema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Nilidhani hivyo mwanzoni. Kisha nikakuta kwamba mwaka ule ule wa 2000 Bunge la Uganda lilitunga sheria nyingine, ndogo kwa sifa, iitwayo Sheria ya Huduma kwa Jamii. Inamruhusu hakimu, kwa kosa dogo ambalo hukumu yake haizidi miaka miwili, asimpeleke mtu jela bali ampe kazi ya bure kwa jamii kwa muda usiozidi miezi sita, chini ya msimamizi, huku afisa wa probesheni akitoa taarifa. Ilitungwa kwa sababu magereza yalijaa, na yanaendelea kujaa zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Hospitali ya Rufaa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 imeondoa ile ya zamani iliyorithiwa kutoka ukoloni, ambayo ilijali zaidi namna ya kumfungia mgonjwa kuliko kumtibu. Hakimu tunaye, kitengo tunacho, afisa wa probesheni tunaye. Sheria mbili za mwaka mmoja, moja ikimhusu askari na nyingine ikihusu njia ya kuepuka jela, hazikuwahi kukutana katika faili moja.

Ugumu halisi naouona uko pengine, kwenye swali la nani ni veterani. Marekani mtu huonyesha karatasi za kuachishwa jeshi. Kaa kwenye benchi lolote la kilabu kati ya Arua na Koboko uwatazame wazee watatu. Wa kwanza alikuwa katika jeshi la Amin, ambalo liliyeyuka 1979 bila kumwachisha mtu. Hana karatasi, na miaka yote hii yeye na wenzake wamekuwa wakidai kiinua mgongo na pensheni, wakitafuta namba zao za jeshi katika kumbukumbu. Wa pili alikuwa mwasi. Ana cheti cha msamaha, na cheti hicho, kwa kichekesho cha historia, ndiyo karatasi pekee ya serikali inayokiri kwamba aliwahi kubeba bunduki. Wa tatu alikuwa katika jeshi la serikali ya sasa na alipunguzwa kati ya 1992 na 1995, wakati askari wapatao 36,000 walipoondolewa kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, na bodi maalumu ikaundwa kuwasaidia. Ana kila karatasi. Wote watatu wanaweza kuwa na usingizi ule ule mbaya. Inawezekana wawili kati yao walipigana wao kwa wao. Na mzee wetu, kwa bahati yake, alikuwa wa kwanza na wa pili kwa pamoja.

Kama mahakama ya Arua ingedai karatasi, ingempokea wa tatu na kuwaacha wawili, na hapo tungekuwa tumerudia mchezo wa 1979 wa kumhukumu mtu kwa jina la jeshi lake. Kwa maoni yangu itoshe kwamba mtu alibeba silaha na kwamba kosa alilolifanya leo ni dogo. Jirani zake wanajua kama alikuwa askari. Mwenyekiti wa LC anajua. Watoto wanaopangwa mstari wanajua.

Sasa niseme yanayonipa wasiwasi, maana sikuandika haya ili kumtetea mzee kwa kila hali. La kwanza ni mkewe. Makosa mengi ya askari wazee hayafiki kilabuni, yanaishia nyumbani, na mahakama inayomrudisha mume nyumbani "kwa tiba" inaweza kuwa inamrudisha kwa mtu anayepigwa. Nilipomweleza mama yule habari za Buffalo hakufurahi kama nilivyotarajia. Alisema miezi minane ile ndiyo aliyolala vizuri. Sina jibu zuri kwake, isipokuwa kwamba mpango wa namna hii usimhesabu mke kuwa mlinzi wa bure wa mgonjwa, na kwamba aulizwe yeye kwanza, peke yake, kabla ya hakimu kuamua.

La pili ni haki kwa wengine. Kijana wa Arua aliyeiba kuku kwa njaa hatapata mlezi wala mpango wa tiba, atafungwa. Kwa nini askari apendelewe? Wamarekani hujibu kwamba askari alilitumikia taifa na taifa lina deni. Jibu hilo kwetu halisimami. Taifa lipi, na alilitumikia au alilipiga vita? Mimi naona sababu nyingine: nchi iliwafundisha watu hawa kazi moja, ikaibadilishia jina kuwa kosa kila serikali ilipobadilika, na haikuwahi kuwafundisha kuiacha. Hilo ni jambo la historia, si la heshima. Na kama njia hii itafaa kwa askari, sioni kwa nini mwizi wa kuku asifuate nyuma yake. Miami walianza na watumiaji wa dawa, wakaja maveterani baadaye.

La tatu ni waliouawa. Msamaha una mpaka, na Uganda imeujifunza mpaka huo polepole. Thomas Kwoyelo wa LRA, aliyetekwa akiwa mtoto na kukua hadi kuwa kamanda, alikamatwa 2009. Mahakama ya Katiba iliamuru 2011 apewe msamaha kama wenzake, Mahakama ya Juu ikakataa 2015, na Agosti 2024 alipatikana na hatia mjini Gulu, kisha akahukumiwa miaka 40. Kesi ilichukua miaka kumi na mitano. Hakuna anayesema kesi kama hiyo iende kwenye mahakama ya tiba. Lakini pale Ombaci hakuna askari aliyehukumiwa, si miaka 40 wala mwezi mmoja, na mtu wa Ombaci akisikia neno "tiba" kwa askari ana haki ya kuuliza tiba yake iko wapi. Mwalimu wangu aliponisahihisha rasimu ya kwanza ya insha hii aliandika pembeni: "Na hao?" Nimeliacha swali lake hapa kwa sababu ni kubwa kuliko insha yangu.

Wapo wanaosema wazee wa ukoo wanatosha. Mkataba wa Juba wa Juni 2007 kuhusu uwajibikaji na maridhiano ulizitaja kwa majina njia za jadi, mato oput ya Waacholi ikijulikana zaidi, na ya ndugu zetu Wamadi, tonu ci koka, ikiwemo. Naziheshimu. Zina jambo moja ambalo cheti hakikuwa nalo: wanaozisimamia wanaishi kijiji kimoja na aliyetakaswa, na watamwona kesho akienda kisimani. Lakini zilitengenezwa kumpatanisha aliyeua na ukoo wa aliyeuawa. Mzee wetu hakuwa na ugomvi na ukoo wowote pale Onduparaka. Ugomvi wake ulikuwa na usiku. Wazee walikuja mara mbili, wakala mbuzi, wakazungumza naye vizuri. Hakuna aliyejua la kufanya baada ya hapo.

Alitoka gerezani amekonda na akiwa na kikohozi. Kwa muda hakunywa, kisha akanywa. Hakutupanga tena mstari. Kwa hesabu ya miaka, askari wa Amin waliokuwa na miaka ishirini mwaka 1971 sasa wamepita sabini, na mahakama yoyote itakayoanzishwa itawakosa wengi wao. Ningeweza kusema kwamba suala limekwisha lenyewe, kama si kwamba tangu Machi 2007 Uganda imekuwa ikipeleka askari Somalia, zamu baada ya zamu, na kila mwaka baadhi yao wanastaafu na kurudi makwao, kwetu wakiwemo.

Likizo iliyopita nilimkuta mmoja wao kwenye benchi la kilabu kile kile. Ana umri usiofika arobaini, ameendesha lori la jeshi Mogadishu, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Aliniambia ana kesi wiki inayofuata, ya ugomvi. Nilimwuliza kama hakimu anajua kwamba alikuwa Somalia. Alisema hakuna aliyeuliza.